Kioo Hakipimwi kwa Inchi

Ukitaka kujua watu wa mji wetu wa Shinyanga wanaheshimu nini, ndugu msomaji, mwambie jirani yako kwamba kioo cha kompyuta yako kimekufa na unatafuta kingine. Hatakuuliza unafanya kazi gani. Hatakuuliza unakaa umbali gani kutoka mezani, wala macho yako yana umri gani. Atakuuliza swali moja tu: "Unachukua cha inchi ngapi?" Ukimtajia inchi 19 atakusikitikia kama mtu aliyefiwa. Ukimtajia 32 atakupa mkono wa pongezi. Maandishi haya nayaandika kuipinga fikra hiyo, na ninayo haki ya kuipinga, kwa sababu mimi mwenyewe niliifuata, ikaniingiza katika aibu ambayo hadi leo nikiikumbuka hunikosesha usingizi.

Mimi ni mtunza hesabu. Nilipostaafu kazi ya kuajiriwa nilifungua ofisi ya chumba kimoja, na wateja wangu wengi ni wachimbaji wadogo wa dhahabu wa mkoa wa Geita, wenye maduara. Kwa msomaji asiyeyajua mambo ya machimbo, duara ni shimo la kuchimbia pamoja na watu wake: yuko mwenye eneo, yuko mwenye duara anayetoa chakula na vifaa, na wapo vijana wanaoshuka chini. Mawe yakishapanda, yakasagwa kwenye karasha, yakaoshwa, na dhahabu ikapelekwa sokoni, kila mmoja ana mgawo wake. Hapo ndipo kalamu inapokuwa hatari kuliko sururu. Sururu ikikosea inapiga mwamba. Kalamu ikikosea inampiga mtu.

Kioo changu cha zamani kilikuwa cha inchi 19, cha lile umbo la karibu mraba ambalo siku hizi halitengenezwi sana. Nilikinunua kikiwa kimekwisha kutumika Ulaya, nikakitumia miaka mingi bila ugomvi. Siku moja ya masika umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Uliporudi mara ya pili kioo hakikuamka. Fundi alikifungua akanionyesha kapasita zilizovimba kama vitumbua. Akasema hizo zinabadilishika, lakini ubao wa pili nao umeungua, na ubao wa namna ile hana. Nikamshukuru, nikaenda dukani.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu na maneno laini. Nilimwonyesha kwa mikono ukubwa wa kioo changu cha zamani, akatabasamu. "Mzee wangu," akasema, "mtu wa heshima kama wewe hukai na kijioo. Chukua televisheni hii ya inchi 32. Mchana unafanya kazi, usiku unaangalia taarifa ya habari, mtoto naye anacheza gemu. Kitu kimoja, kazi tatu." Ikawashwa. Ikaonyesha maua mekundu na samaki wa baharini wanaong'aa. Sikuuliza neno jingine. Nililipa shilingi 350,000, nikaibeba kwenye bajaji nikiwa nimeikumbatia kama mtoto, na majirani waliiona ikishushwa. Sitadanganya: nilipenda waione.

Wa kwanza kulalamika alikuwa binti yangu wa mwisho, wakati huo yuko kidato cha tatu. Jioni, kazi zikiisha, nilikuwa nikimruhusu kucheza mpira wa kwenye kompyuta, na mara nyingine tulicheza pamoja, yeye akinifunga magoli hadi huruma inamwingia. Siku ya pili tu akasema, "Baba, kioo hiki kinachelewa. Nikibonyeza kupiga shuti, mpira unatoka nimeshanyang'anywa. Halafu maandishi yake yana manyoya." Nilimjibu kama wazee wengi wanavyojibu: "Kioo hiki nimenunua cha kazi, si cha mchezo. Kama gemu linachelewa, shukuru, utapata muda wa kusoma." Akanyamaza. Ningemsikiliza siku ile, yaliyofuata yasingetokea.

Miezi miwili baadaye mwenyekiti wa duara moja alinipigia simu kutoka machimboni. Walikuwa kwenye kikao cha mgawo, na alitaka nimsomee gramu zilizouzwa katika safari fulani ya sokoni. Niliinama mbele ya televisheni yangu ya heshima, nikatafuta mstari, nikasoma: gramu 33.4. Kijana aliyekuwa amepeleka dhahabu ile sokoni akasema hapana, ni 38.4. Simu ikapigwa tena. Nikatazama tena, kwenye kioo kile kile, kwa macho yale yale, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika: 33.4. Shahidi mmoja akiulizwa mara mbili haji kuwa mashahidi wawili, lakini kikaoni ilihesabiwa hivyo. Na kwa kuwa kijana alikuwa akidai mgawo wake utokane na hesabu kubwa kuliko ile niliyoisoma, wakaona ni mwizi anayejisahau: gramu tano amezila, na bado anataka fungu katika hizo hizo.

Alilala siku mbili akilindwa kwenye banda. Kwenye machimbo mtu aliyeitwa mwizi halindwi kwa kumwonea huruma; analindwa asikimbie, na pia asiuawe. Siku ya tatu, kwa jambo jingine kabisa, nilifungua jalada la risiti. Risiti ya soko ilikuwa pale, imeandikwa wazi: 38.4. Nikairudia televisheni, nikaikuza ile namba hadi ikawa kubwa kama kiganja. Ilikuwa 38.4 tangu siku ya kwanza. Kompyuta haikukosea. Risiti haikukosea. Kijana hakukosea. Kilichokosea ni kioo na mzee aliyekichagua kwa ajili ya majirani.

Utasema, ndugu msomaji, kwamba kosa ni langu kwa kutotazama risiti. Ni kweli, na silikwepi. Lakini nakuuliza: kifaa cha kusomea kina kazi gani kama lazima kila kilichosomwa kihakikishwe kwa karatasi? Basi baada ya aibu ile nilifanya nililopaswa kulifanya kabla ya kulipa. Nilichukua kalamu, nikapiga hesabu ya kioo kama ninavyopiga hesabu za watu.

Picha yote unayoiona kwenye kioo imeshonwa kwa nukta ndogo ndogo ziitwazo pikseli, kama mkeka ulivyosukwa kwa ukindu. Kioo changu kilichokufa, kile "kijioo", kilikuwa na nukta 1,280 kwa upana na 1,024 kwa kimo. Zidisha: ni nukta 1,310,720. Televisheni ya inchi 32 niliyoinunua, kama nyingi za ukubwa huo za bei nafuu, ilikuwa na nukta 1,366 kwa 768. Zidisha: ni 1,049,088. Naam, rudia kusoma. Kioo kikubwa kilikuwa na nukta chache kuliko kile kidogo. Nilikuwa nimelipia inchi 13 za ziada nikapoteza nukta zaidi ya laki mbili na nusu. Ukizipanga kwa inchi moja ya mstari, kioo cha zamani kilikuwa na nukta kama 86 na televisheni kama 49.

Tena kuna balaa la pili. Kompyuta yangu ilikuwa ikiituma picha ya nukta 1,920 kwa 1,080, na televisheni ilikuwa ikiikamua picha hiyo iingie katika nukta zake chache. Karibu nusu ya picha ilikuwa ikitupwa njiani. Na kwa kuwa kimo cha kioo kilikuwa na nukta 768 tu, kila mstari wa jedwali ulipata nukta chache kuliko zamani. Juu ya hayo nilikuwa nafinya ukurasa ili mistari yote ienee. Sasa chukua namba 8, ifinye, kisha itupie nusu ya nukta zake. Kinachobaki ni namba isiyo na ubavu wa kushoto. Kinachobaki ni 3.

Na kule kuchelewa alikokulalamikia binti yangu? Nako kuna sababu yake. Televisheni haionyeshi picha mara tu inapoipokea. Kwanza huipamba: huongeza rangi, hunoa kingo, hulainisha mwendo, na yote hayo hula muda. Kwa mtazamaji wa taarifa ya habari muda huo si kitu. Kwa mtu anayebonyeza kitufe akitaka mchezaji apige mpira, ni goli alilofungwa. Kule kunoa kingo ndiko pia kulikoyapa maandishi "manyoya". Mtoto aliyekuwa akicheza aliugundua ugonjwa ule siku ya pili. Mimi niliyekuwa nikifanya kazi sikuugundua kwa miezi miwili, kwa kuwa nilikwisha kujiambia kwamba kitu kikubwa hakiwezi kuwa kibovu.

Linalonishangaza ni kwamba fikra hii imeota mizizi hapa kwetu, mahali ambapo watu wangepaswa kuwa wa mwisho kuiamini. Sisi ni watu wa almasi na dhahabu. Jiwe maarufu kupita yote yaliyotoka Mwadui, karibu kabisa na mji wetu, ni ile almasi ya waridi iliyopatikana mwaka 1947, ambayo Williamson alimzawadia Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, kwa ajili ya harusi yake. Ilikuwa na karati 54.5, na ilipochongwa ikabaki karati 23.6. Duniani yamechimbwa mawe makubwa kuliko hilo mara nyingi. Halikupata jina kwa ukubwa. Lilipata jina kwa rangi na usafi.

Na dhahabu ndiyo kabisa. Soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa mwezi wa Machi mwaka 2019, moja ya faida zilizozungumzwa na wachimbaji ninaowafahamu ni kwamba mali inapimwa mbele ya macho yako. Inawekwa mizani kwanza, kisha inapimwa usafi, na bei inatokana na vyote viwili. Mchimbaji ambaye hajui kuandika jina lake anajua kwamba gramu kumi chafu si sawa na gramu kumi safi. Mtu huyo huyo akiingia duka la vioo vya kompyuta anaulizia uzito tu! Inchi ni uzito wa kioo, msomaji. Nukta ndizo usafi wake. Anayenunua inchi bila kuuliza nukta anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Najua penzi hili la ukubwa limetoka wapi, na sitaki kulicheka. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, lakini sisi wa Bara tulisubiri hadi mwaka 1994. Kizazi changu kilikua bila kioo chochote chenye picha. Zilipokuja, yule mwenye televisheni kubwa ndiye aliyejaza watu sebuleni kwake usiku wa mpira, na walioishi nyuma ya mlango walipiga kelele za goli bila kuliona. Kwa hiyo tukafunga ndoa kati ya upana wa kioo na heshima ya mwenye nyumba. Kwa sebule ni sawa. Sebuleni unakaa mita tatu, pamoja na watu kumi, unatazama watu wanaokimbia. Mezani unakaa peke yako, umbali wa mkono mmoja, unatazama namba zisizokimbia ambazo hata hivyo zinaweza kumtia mtu matatani. Hizo ni kazi mbili, na hazitaki kioo kimoja.

Sasa nijibu hoja za wapinzani, maana zipo.

Wa kwanza ni wauza maduka. Wao husema, "Wateja ndio wanaotaka ukubwa, sisi tunauza wanachotaka." Sikubali. Mteja anataka kuona. Ninyi ndio mliomfundisha kwamba kuona ni inchi. Bango la dukani linaandika inchi kwa herufi za kidole na nukta kwa herufi za sisimizi, kama linaziandika. Mwuza dawa akimpa mgonjwa chupa kubwa kwa sababu mgonjwa amependa chupa, hatutamwita mfanyabiashara mwema.

Wa pili ni wazee wenzangu. Nilipowasimulia mkasa huu, mmoja alisema dawa ni kufuta michezo kwenye kompyuta zote, na ikiwezekana kurudi kwenye daftari. Fikra hiyo nayo si ngeni nchini. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, kazi haikwenda kama ilivyotarajiwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Baadaye marufuku ikalegezwa kidogo kidogo, na leo hakuna ofisi inayoitamani irudi. Somo ninalolipata mimi ni kwamba tulinunua kitu kabla ya kujua kazi yake, kisha tukakiadhibu kitu. Hilo ndilo kosa langu na televisheni, na kumfukuza binti yangu kwenye gemu kusingelirekebisha.

Tena hao wazee wanaolaani mchezo nawakuta kila jioni chini ya mti wakicheza bao, na bibi zetu Wasukuma walikuwa na isolo yao ambayo ilitaka hesabu kali kuliko kazi yangu. Hakuna aliyewaita wahuni. Mtu aliyeshinda na namba kuanzia asubuhi anahitaji nusu saa ya kufungwa magoli na mwanawe. Na kioo kizuri kwa kazi kwa kawaida kitamfaa mchezaji wa kawaida: maandishi safi, picha isiyochelewa, rangi zisizobadilika ukigeuza shingo. Kazi na mchezo havigombani. Vinavyogombana ni kazi na majivuno.

Wa tatu ni vijana, na hawa nawaogopa zaidi maana wanajua majina ya vitu. Wao wameachana na inchi wakaangukia hetsi. "Babu, usichukue cha hetsi 60, chukua cha 144." Hetsi ni idadi ya mara ambazo kioo hubadilisha picha kwa sekunde moja. Nawakubalia kwamba mwendo huwa laini zaidi zikiongezeka. Lakini kioo hakichori picha, kinaonyesha zile kilizoletewa. Kama kompyuta yako ya ofisini, isiyo na kadi ya picha ya nguvu, inachora picha 40 kwa sekunde, basi kioo cha hetsi 144 kitakuonyesha picha hizo hizo 40. Umenunua lori la tani kumi la kubebea debe moja la mahindi. Mwenye mashine kubwa na michezo ya mbio anunue 144 na afurahi. Mtu wa mpira wa jioni na jedwali la mchana zitamtosha 60, na akizipata 75 au 100 kwa bei ile ile ashukuru.

Basi tununue nini? Sitataja majina ya viwanda, maana majina yanabadilika na hata kiwanda kizuri hutoa kibovu. Nitataja vipimo. Kioo cha inchi 22 au 24 chenye nukta 1,920 kwa 1,080 kina nukta kati ya 90 na 100 hivi kwa inchi, na hapo namba husomeka bila kukunja uso. Ukitanua nukta hizo hizo hadi inchi 27 zinashuka kuwa kama 82. Si dhambi, lakini ujue umenunua upana, hukununua usomaji. Ukitaka 27 kwa haki, tafuta cha nukta 2,560 kwa 1,440, kama mfuko unaruhusu na kompyuta inaweza kukiendesha. Kisha uliza aina ya paneli. Iitwayo IPS haigeuzi rangi ukiitazama kwa upande. Iitwayo VA ina weusi wa kina lakini baadhi yake huacha kivuli kitu kinapokimbia gizani. Iitwayo TN ni rahisi na nyepesi kwa mchezo, lakini ukiinama kidogo rangi zinageuka. Kwa mtu mwenye kazi na mchezo wa kawaida, mimi nachagua IPS.

Wala usione haya kununua cha mtumba. Vioo vingi vilivyotumika maofisini huko nje vina kitu ambacho vipya vya bei ya chini havina: mguu unaopanda na kushuka. Ukingo wa juu wa kioo unatakiwa uwe usawa wa macho au chini kidogo. Mwenye mguu mfupi usiopanda ataishia kukipandisha juu ya vitabu, au ataipandisha bili ya daktari wa shingo. Lakini mtumba unataka mtihani, na mtihani unafanyika dukani kabla ya fedha kutoka mfukoni. Nitaueleza ninavyoufanya.

Nenda na flashi yenye jedwali lako mwenyewe. Yale maua na samaki ni ya muuzaji, jedwali ni lako. Andika safu za 3, 6, 8 na 9 zimechanganyika, kwa ukubwa wa herufi unaotumia kila siku, kaa umbali wa mkono mmoja, umwombe mtu aandike orodha hiyo pembeni wakati unaisoma kwa sauti. Ukikosea moja, rudisha. Kisha fungua ukurasa mweupe mtupu, utazame kama kuna madoa, kingo za manjano au giza pembeni. Halafu mweusi mtupu, utaona nukta zilizokwama zikiwa zimewaka kama nyota. Simama, chuchumaa, pita kushoto na kulia. Punguza mwanga, kisha kitazame kupitia kamera ya simu: ukiona mistari minene inayotembea, taa yake huenda inapepesa, na macho ya mtu wa saa nane kwa siku yanaweza kuichukia. Tikisa kipanya kwa kasi uone kama mshale unafuata mkono au unaburutwa. Hakikisha tundu la waya linalingana na la kompyuta yako, maana kompyuta za zamani zina VGA na vioo vingi vipya vimeiacha. Epuka kioo kinachong'aa kama kabati la sahani. Kwa jua letu la Shinyanga utajiona sura yako kuliko kazi yako.

Tazama pia nyuma, palipoandikwa umeme. Kioo cha inchi 24 chenye taa za LED kwa kawaida hula wati ishirini na kitu, wakati yale madude ya zamani yenye tumbo la inchi 17 yalikuwa yakila themanini na zaidi. Kwa mwenye LUKU na UPS ndogo tofauti hiyo ni dakika za kuhifadhi kazi umeme unapokatika. Vile vyembamba vya mwanzo vyenye taa za mirija vikae mbali. Taa hizo hufifia kwa uzee, na ndani yake mna zebaki kidogo, na watu wa Geita hawahitaji kutafutiwa zebaki nyingine. Kikifa usikichome jalalani. Na chochote utakachonunua, kiweke nyuma ya stabilaiza, usije ukarudi dukani masika ijayo.

Mimi nilinunua cha mtumba cha inchi 24, paneli ya IPS, hetsi 60, mguu unaopanda, kwa shilingi 160,000. Ile televisheni imerudi mahali pake, sebuleni, na huko haina kosa lolote. Zile gramu tano zilizosababisha kijana wa watu alindwe kama jambazi zingenunua kioo kama hiki zaidi ya mara mbili.

Lakini kabla ya kioo nilipaswa kulipa deni jingine. Nilipanda basi hadi Kahama, nikapita Kakola, nikafika machimboni Geita nikiwa na ile risiti mfukoni, nikaomba kikao kiitishwe. Nikasimama mbele ya watu, na umri wangu huu, nikasema kijana hakuiba, mimi ndiye nisiyeona. Mwenyekiti alimlipa mgawo wake wote hapo hapo. Kijana alipokea risiti akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza bila hasira yoyote, kama mtu anayetaka kuelewa: "Mzee, sisi kule chini tunachagua jiwe kwa tochi ya kichwani, na hatukosei. Wewe uko mjini, una umeme, una kioo kikubwa. Ilikuwaje usione?"

Sikuwa na jibu. Jibu ndilo hili nimeliandika hapa, na nimechelewa kulitoa. Siku hizi jirani akija kuniuliza achukue cha inchi ngapi, simtajii inchi. Nampa flashi yenye jedwali langu la tatu na nane, namwambia aende nayo dukani, akae chini, asome.